Babu Aliyebandikwa Kichwa Chini

Historia ya mkoa wetu sikuisomea shule ya Tunduma. Niliisomea ukutani kwa bibi, Ileje, shingo ikiwa imepinda. Nyumba yake ni ya udongo, na zamani walibandika magazeti ndani kwa uji mzito wa sembe kuziba upepo. Mengi ni ya gazeti moja dogo la mjini ambalo lilishakufa. Juu ya kiti changu kulikuwa na habari ya chumvi ya Ivuna. Karibu na mlango kulikuwa na barabara "itakayokamilika hivi karibuni", habari ambayo hata leo ingechapwa bila kubadilishwa nukta.

Katikati alikuwepo babu kwenye uzinduzi wa kisima, kofia mkononi. Marehemu hakuacha picha nyingine. Na hiyo moja ilikuwa kichwa chini.

"Alibandika mwenyewe," bibi alinieleza. "Alikuwa ametoka kilabuni. Mimi nilishika sufuria tu."

Likizo iliyopita baba mdogo alileta saruji na fundi, kuta zote zipigwe lipu. Bibi hakubisha. Aliweka kigoda chake mbele ya picha, akachambua maharage, na hakuhama. Fundi akaanzia upande mwingine.

Nikajitolea kumwokoa babu. Nilimwambia baba mdogo kwamba kemia ndiyo somo langu, gundi naijua vizuri. Kemia nilikuwa nimepata F. Nililowesha kitambaa, nikaanza kubandua kutoka juu, na kwa kuwa picha imegeuka, juu ndiko ilikokuwa miguu. Karatasi ikatoka kama unga. Viatu vya babu vikabaki kwenye kitambaa.

"We mume wangu!" bibi akapiga kelele. Huniita hivyo, utani wa bibi na mjukuu. "Wivu gani huo? Umemvua mwenzio viatu!"

Baba mdogo alicheka. Bibi hakucheka. Maharage yalikuwa yanamdondoka mkononi.

Nikaweka kitambaa chini, nikasema nilichopaswa kusema tangu asubuhi: fundi aparuke hapo. Apige lipu ukuta wote, aache mraba mmoja wa udongo.

"Nyumba ya saruji yenye kidonda?" baba mdogo akauliza. "Watu wakiniuliza, niwajibu nini?"

"Waambie baba yako hajamaliza kusoma gazeti," bibi akasema.

Baba mdogo aliguna, akatoka nje kwa muda. Fundi akachukua msumari, akachora mraba kuzunguka picha. Baba mdogo aliporudi, aliupima mraba kwa shubiri, akanunue kioo cha kuufunika, bila kumtazama mtu.

Babu yumo humo mpaka sasa, miguu juu, peku, kofia mkononi. Wageni wakiingia huinamisha vichwa ili wamwone vizuri. Bibi hudai wanamwamkia, na huwa anawaitikia kwa niaba yake.