Fyekeo la Futi Sita

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, hujikuta nimeinamisha uso hata nikiwa peke yangu chumbani. Leo nakuandikia habari yake, ingawa sina hamu nayo. Wewe umeanza kushika vyombo vya watu, na watu wameanza kukuita fundi, nami najua jina hilo linavyomlewesha kijana.

Miaka hiyo bandari kubwa ilikuwa haijafika hata kwenye ndoto, na Kililana yote, ng'ambo ya kisiwa chetu, ilikuwa mashamba na vichaka. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za boti hapa kisiwani Amu. Boti za Pate, za Faza na za Matondoni zote zilinipitia, na mashine iliyowashinda wengine ililetwa kwangu. Nilijiona. Mtu akinieleza jambo la injini nilikuwa namwacha amalize, kisha nacheka kidogo, kicheko cha puani. Mke wangu alikichukia kicheko kile, na alikuwa na haki.

Shangazi yangu, Bi Khadija, dada wa baba, alikuwa amefiwa na mumewe. Marehemu alimwachia shamba Kililana, na trekta dogo la mtumba alilolinunua mwaka mmoja kabla ya kufa. Shangazi alikaa eda, kisha akaugua, na shamba likalala misimu miwili bila kuguswa. Kichaka kikarudi, nyasi zikapita kichwa cha mtu. Hati hakuwa nayo, na wakati ule wengi kule hawakuwa nazo. Alama ya umiliki ilikuwa jembe lako na mazao yako. Shamba likishakuwa msitu, mtu alikuja na nguzo zake akasema hapa hapana mwenyewe.

Basi aliniita nyumbani kwake, akaniketisha, akasema, "Omari mwanangu, nti hii ikilala mwaka wa tatu sitaipata tena. Masika ni karibu. Nitafutie chombo cha kufyekea kifungwe nyuma ya trekta, nipande simsim kabla mvua haijaniwahi." Alikuwa ameuza kekee zake mbili za dhahabu, bangili za harusi yake, na alinikabidhi akiba yote ile bila hata kunihesabia. Akaongeza kwamba nifuatane na Fundi Mutua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilitengeneza trekta la marehemu.

Mutua alikuwa mtu wa bara aliyehamia Mokowe na mkewe, Mama Mueni. Alikuwa na kibanda chake cha ufundi karibu na gati. Mtu mpole, mwenye kusema polepole, na hakuna mwingine upande ule aliyeyajua matrekta. Sikupenda kufuatana naye. Niliona shangazi amenitia msimamizi.

Tulikwenda kwenye shamba moja kubwa lililokuwa limefungwa, kando ya barabara ya Witu, ambako vyombo vikuukuu vilikuwa vikiuzwa. Palikuwa na mafyekeo mawili ya trekta, yale ya bati pana lenye visu viwili vinavyozunguka chini yake. Moja lilikuwa la futi nne, limepauka, bati limetoboka pembeni. La pili lilikuwa la futi sita, zito, giaboksi yake kubwa, rangi bado inang'aa. Moyo wangu uliliendea lile la pili papo hapo.

Mutua alitoa tepu yake akapima, akachutama akachezesha visu, akatikisa shafti kusikiliza kama imelegea. Kisha akaniambia, "Bwana Omari, chukua hili dogo. Injini ya Bi Khadija ni ya nguvu za farasi ishirini na sita, lakini kwenye shafti ya nyuma hufika kama ishirini na mmoja tu. Na kila futi ya fyekeo inataka kama farasi watano. La futi nne litavutika, tena bila ziada. Hili la sita lilikuwa la trekta kubwa. Uzito wake pekee utainua magurudumu ya mbele."

Hesabu ilikuwa nyepesi, mwanangu. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angeielewa. Lakini mimi nilikuwa nimezoea bahari. Nikamwambia boti yangu ya farasi kumi na tano hubeba watu ishirini na magunia ya sukari juu yao, inakwenda taratibu lakini inafika.

"Maji yanakupisha," akasema. "Kichaka hakipishi. Visu vikipungua kasi havikati tena, vinapigapiga tu."

Palikuwa na wanunuzi wengine pale, watu wa mbali, wamesimama wanatusikiliza. Ndipo nikasema kwa sauti, wasikie wote, "Mtu hata kuogelea hajui, atanifunza mimi mashine?" Wakacheka. Mutua naye alitabasamu, akaikunja tepu yake akaitia mfukoni. Akasema, "Sawa, wewe ndiye uliyetumwa." Nikalinunua la futi sita kwa kekee za shangazi.

Siku ya kwanza pale shambani, nilipoliinua fyekeo, magurudumu ya mbele yaliondoka chini na usukani ukawa mwepesi mkononi, haugeuzi kitu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilifunga magunia ya mchanga mbele ya trekta, kama tunavyotia farumi, mawe ya uzito, jahazini, na nikajisifu kwa maarifa yangu. Nikaingia kichakani. Injini ikakoroma, moshi mweusi ukatoka, na nyasi nyuma yangu zilikuwa zimelala tu, hazikukatwa. Kila nilipokutana na shina gumu, pini ya shafti ilikatika. Asubuhi moja nilikata pini tatu.

Sasa sikiliza kosa langu, maana hili ni kosa la mtu wa boti hasa. Mashine za boti za zamani zina pini kama hiyo kwenye rafadha inayosukuma maji. Ikikatika baharini, na huna nyingine, unatia msumari ufike nyumbani. Nilishafanya hivyo mara nyingi. Basi nami nikatafuta bolti ya chuma kigumu nikaipigilia mahali pa pini, nikasema sasa tuone. Sikujiuliza kwa nini aliyeitengeneza mashine aliweka pini laini. Iliwekwa ikatike yenyewe, ili kilicho ghali zaidi kisivunjike.

Siku ya tatu visu vilikutana na kisiki cha mkoma ndani ya nyasi. Bolti haikukatika. Nilisikia mlio nyuma yangu, trekta likaruka kidogo likazima, na niliposhuka nikaona nyumba ya gia za trekta imepasuka na mafuta yanamwagika mchangani. Mimi sikuumia. Shamba lilikuwa limefyekwa kipande cha kutosha kuanika nguo.

Shangazi alikuja mbio kutoka kibanda chake cha shambani, ameshika kanga yake. Akauliza kumetukia nini. Nami, mwanangu, bila hata kufikiri, nikasema, "Ni yule Mutua, shangazi. Ndiye aliyenichagulia chombo hiki, na bolti hii ni shauri lake."

Naona haya hata kuliandika neno hilo. Halikunichukua muda wa kupumua mara mbili. Sikuwa nimelipanga, lilikuwa tayari mdomoni, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Shangazi aliniamini, kwa kuwa mimi ni damu yake. Kesho yake alikwenda Mokowe akanichukua nifuatane naye, akasimama mbele ya kibanda cha Mutua, watu wa gati wakitazama. Akamwambia, "Nilikuamini kama alivyokuamini marehemu. Mkono wako usiguse tena kitu changu." Mutua alinitazama mimi, nikiwa nyuma ya shangazi. Hakukasirika, alikuwa akingoja. Nikatazama miguu yangu. Ndipo akasema, "Pole, Bi Khadija," akarudi ndani.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyempelekea kazi. Na fikiria ubaya wake: yeye ndiye peke yake aliyeweza kulitengeneza trekta lile kabla ya mvua, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Neno moja kutoka kwangu lingemrudisha. Shangazi aliniuliza mara mbili kama nimepata fundi mwingine, nikamwambia namngoja mtu wa Malindi. Hakukuwa na mtu wa Malindi. Nilikaa Amu nikijishughulisha na mashine za boti, nikisali sala zote tano, na kila jioni nikitazama mawingu upande wa bara yakizidi kuwa mazito.

Siku ya kumi na saba shangazi aliniita Kililana. Nilipofika nilimkuta ameketi juu ya mkeka mlangoni pa kibanda. Kichakani nikaona mwanamke ameinama, anafyeka kwa panga, na nyuma yake ukanda mrefu wa shamba uko wazi, umesafishwa vizuri kuliko nilivyosafisha mimi na trekta. Alipoinuka kupumua nikamtambua. Alikuwa Mama Mueni. Viganja vyake alikuwa amevifunga vitambaa.

"Yuko hapa siku ya kumi na mbili hii," shangazi akasema. "Huja alfajiri akarudi magharibi. Nimemkataza, hakubali. Asema mumewe ameniharibia, na wao si watu wa kula haki ya mjane."

Nilitaka kuondoka. Nakwambia kweli, miguu ilikuwa imeshageuka. Lakini mama yule aliniona, akaniamkia kwa heshima, akaniomba radhi kwa niaba ya mumewe. Aliniomba radhi mimi.

Hapo ndipo nikasema. Nilianza na "Shangazi, si Mutua." Nikaeleza yote nikiwa nimesimama juani: fyekeo dogo alilolichagua yeye, hesabu ya farasi, kicheko cha wale watu, magunia ya mchanga, bolti niliyopigilia kwa mkono wangu, na mtu wa Malindi ambaye hakuwapo.

Shangazi hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Aliinuka taratibu, akamwendea Mama Mueni, akalichukua panga mkononi mwake. "Keti, mwanangu, keti unwe mayi," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe nipishe. Leo sitaki kukuona."

Mama Mueni aliketi kwenye mkeka, lakini maji hakuyanywa. Alisema, kama anayejisemea, "Nilimuuliza mara tatu. Mara tatu aliniambia hakufanya. Sikumwamini." Akafunika uso kwa vile viganja vyake vyenye vitambaa, akalia.

Mchana huohuo nilikwenda Mokowe. Sikungoja kumkuta Mutua faraghani. Nilisimama mbele ya kibanda chake, mahali palepale, nikawaambia watu wa gati kwamba nilimsingizia. Wengine walinisonya, na walikuwa na haki. Mutua aliniacha nimalize, kisha akanipa kigoda. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema neno.

"Ningesema mimi, nawe ungesema," akanijibu. "Kati ya mtu wa bara na mwana wa mji, nani angeaminiwa? Hilo nililijua, kwa hiyo halikunishangaza. Wewe nimekusamehe, Bwana Omari. Lakini nyumbani kwangu nilisema kweli nikaonekana mwongo. Siku kumi na saba mke wangu ananipakulia chakula bila kunitazama. Hilo sijui utalirudisha vipi."

Nami sikujua, na mpaka leo sijui. Trekta alilitengeneza, mvua zikiwa zimeshaanguka, na tulinunua lile fyekeo la futi nne, nalo likafyeka miaka mingi bila kulalamika. Shangazi alipanda ile nusu iliyofyekwa na Mama Mueni. Nusu ya chini ilikaa kichaka msimu wa tatu, na kabla ya kiangazi palikuwa na nguzo za mtu mwingine. Shangazi alikufa akiidai. Mutua na mkewe waliendelea kuishi pamoja, walinisalimu kila tulipokutana, lakini mimi nilikuwa nikitazama kama wanatembea pamoja au mmoja yuko nyuma.

Mwanangu, ukinunua chombo kilichotumiwa, usikipime kwa idadi ya farasi iliyoandikwa kwenye injini yako. Pima nguvu inayofika kwenye shafti, na uzito ambao magurudumu ya mbele yanaweza kuuhimili. Ukiona pini inakatika kila mara, inakwambia chombo ni kikubwa mno, isikilize. Anayejua zaidi yako, hata akiwa hana jamaa katika mji wako, mpe sikio lako, na umpe mbele ya watu. Hayo ni ya ufundi, na utayajua hata bila mimi.

Ninalotaka ulishike ni hili jingine. Siku utakapovunja kitu cha mtu, nawe utavunja, sema saa ileile, mafuta yakiwa bado yanamwagika, kwamba ni wewe. Ukichelewa siku moja, uongo utaingia nyumba ambayo hukuikusudia na kulala kati ya watu ambao hawakukukosea, na hutakuwa na njia ya kwenda kuutoa.

Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi usioona uzito kukiri kosa, akutilie baraka katika mikono yako, na akuepushe na kusamehewa kama nilivyosamehewa mimi. Amin.