Keki ya Shangazi Ovaleen

Kazi yangu ni kusimama nyuma ya wanaume wanapokojoa. Nimeifanya miaka kumi na mmoja katika mahakama ya kaunti yetu, huku milimani mashariki mwa Kentucky, na sijawahi kuisema kwa sauti harusini. Naisema leo ili usidhani habari hizi nilisimuliwa na jirani.

Ninayetaka kumweleza ni Nadine Caudill, msimamizi wa waraibu wa mahakama, wa chumba cha pili kutoka chooni. Mtu akikamatwa hapa na vidonge vya kulevya, au akiendesha gari amelewa, anaweza kuchagua gereza au kumchagua Nadine. Akimchagua Nadine, atamwona mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima na nusu. Nadine atamtafutia kazi, mshauri na daktari wa meno, atampigia simu siku asiyoitarajia aje apimwe mkojo, na kila Alhamisi atasimama naye mbele ya jaji. Wapo waliorudi kuomba gereza. Sitanii.

Nadine ana amri moja tu: sema kweli kabla hujaulizwa. Anayekiri mwenyewe kwamba ametumia kilevi hupewa siku mbili za mahabusu, siku zake za kukaa bila kilevi zinaanza kuhesabiwa upya, na mahakama nzima inampigia makofi kwa ukweli wake. Anayekana, kisha kikombe cha mkojo kikamsuta, hupewa siku kumi na nne na hesabu inaanza upya vilevile. Akirudia, anakwenda kutumikia kifungo chake. Kwa miaka kumi na tisa Nadine amewafundisha watu amri hiyo, na watu wameishika vizuri. Mno, tuseme.

Dewey Slone, fundi wa mapaa, alikuwa na siku mia moja sabini na sita bila kilevi. Akifika mia moja themanini, yaani Ijumaa ya wiki ninayoisimulia, Nadine angeandika barua, na mahakama ya familia ingemrudishia binti yake Kaylin, wa miaka sita. Asipofika, familia iliyokuwa ikimlea huko mjini Lexington ilikuwa tayari kumchukua moja kwa moja awe mtoto wao. Dewey alikuwa ameshapaka chumba rangi. Aliniambia hivyo akiwa amenipa mgongo, maana ndivyo tunavyozungumza mimi na yeye.

Jumapili tulimzika mjomba wake. Baada ya mazishi tukala kwenye ukumbi wa kanisa: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, na keki ya matunda ya Shangazi Ovaleen. Kaunti yetu hairuhusu kuuza pombe, na Shangazi Ovaleen, kama tunavyomwita wote, ni mjane wa shemasi. Keki yake hukaa kabatini wiki sita ikinyweshwa wiski kwa kijiko. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Ukiuliza ile harufu ni ya nini, unaambiwa vanila. Mimi niliwahi kula vipande vitano nikaimba hadi nyumbani, na mama yangu akasema nimefurahia ibada.

Aliyekuwa akikata keki siku ile ni Nadine mwenyewe. Alimkatia Dewey vipande vitatu kwa mkono wake, akamwambia ale, amekonda. Huyu ndiye mwanamke anayewakataza wateja wake hata dawa ya kusukutulia mdomo. Lakini huku kwetu ile si pombe, ni keki, na akili ya mtu haifiki huko.

Jumatatu asubuhi kikombe cha Dewey kilionyesha pombe, maana kipimo chetu hunasa hata ya juzi. Alikitazama kama barua ya mtu mwingine.

"Sema kitu, bwana," nikamwambia.

"Nilikunywa bia mbili."

"Bia gani?"

Akakiangalia tena kikombe. "Za baridi."

Nimewasikia walevi wengi wakidanganya. Nilikuwa sijamsikia mlevi asiyejua jina la bia yake. Dewey akaenda kukiri kwa Nadine, Nadine akamsifu kwa ujasiri, akaandika. Alipotoka nikaingia.

"Nadine, Dewey alikula vipande vingapi jana?"

"Vya nini?"

"Wewe ndiye ulikuwa na kisu."

Kalamu ikalala mezani yenyewe. Sikufurahia kama nilivyotarajia.

Jioni ile akaenda kwa Shangazi Ovaleen.

"Shangazi, ndani ya ile keki kuna nini?"

"Zabibu, njugu, vanila."

"Vanila tu?"

"Nadine Caudill! Marehemu mume wangu alikubatiza mtoni kwa mikono yake, leo unanijia na maswali ya kipolisi?"

Hakukiri. Lakini hajawahi kumruhusu mgeni atoke mikono mitupu, kwa hiyo Nadine akarudi na nusu keki.

Nadine hajawahi kuonja pombe. Hata meza ya Bwana kanisani kwao ni juisi ya zabibu. Jumatano baada ya chakula cha jioni alikula vipande vitatu, na Alhamisi asubuhi akaja kuomba kikombe. Akaingia chooni na Twyla, mwenzangu wa upande wa wanawake. Walipotoka, Twyla alikuwa na uso wa mtu aliyemfumania mchungaji. Kikombe cha Nadine kilionyesha pombe, na Twyla akaiandika, kwa sababu Twyla huandika kila kitu.

Mahakamani Dewey akasimama, akarudia habari za bia mbili. Watu walikuwa wameshaanza makofi Nadine aliponyanyuka.

"Mheshimiwa, huyu anadanganya."

Jaji Prater akashusha miwani. "Anadanganya kwamba hakunywa?"

"Anadanganya kwamba alikunywa."

Nadine akampelekea jaji karatasi ya kipimo yenye jina lake mwenyewe, akaeleza yote, pamoja na nani alikuwa na kisu. Jaji alizaliwa katika nyumba iliyo nyuma ya ile ya Shangazi Ovaleen. Akaisoma karatasi, akatazama dari.

"Ni ile ya matunda?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Krismasi mimi nilikula vinne, nikaendesha..." Mwendesha mashtaka akakohoa. "Hilo lisiandikwe. Dewey, ulikunywa?"

Dewey akamwangalia Nadine. "Nikisema sikunywa, Mheshimiwa, si itakuwa nimekana?"

"Itakuwa umejibu."

"Sikunywa."

Jaji akaamuru siku zake zibaki kama zilivyo. Kwa kosa la kuidanganya mahakama kwamba amevunja sheria, akampa adhabu ya kuandika kurasa mbili kuhusu ukweli. Kaylin akarudi Jumamosi, akasema hapendi rangi ya chumba.

Jumatatu Dewey akaleta kurasa zake mbili. Mimi nilikuwa mlangoni nikisubiri saini. Nadine alizisoma zote, akazikunja.

"Mwanangu, mbona hukuniambia ni keki?"

"Bi Nadine, ungeniamini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nadine akavua miwani, akaifuta kwa sweta, na nilimwonea huruma, maana angeweza kusema ndiyo, na sisi wawili tungemwachia.

"Hapana," akasema. "Ningekupa siku kumi na nne."

"Nilijua," Dewey akasema, akaenda kazini.

Nadine akafungua kabati la mafaili ya zamani, akatoa moja, akalishika bila kulifungua. Akaniuliza kama namkumbuka Loretta Fugate, yule aliyekiri halafu akashindwa kutaja alikunywa nini.

Nilimkumbuka. Alikuwa na watoto wawili.