Mwanya wa Kuazima

Binti yangu alipofika miaka minane, alianza kuzungumza huku ameshika ncha ya shungi la mtandio wake mbele ya mdomo. Taya lake la juu lilikuwa jembamba. Kila alipofunga mdomo, taya la chini lilikosa pa kukaa likaenda kushoto, na kidevu kikalifuata. Darasani walimwiga. Mimi nina hasira za karibu. Nilitaka kwenda shuleni nikawaseme mmoja mmoja. Mume wangu akanishauri nimpeleke kwanza kwa daktari wa meno.

Daktari, mtu wa bara mwenye subira, alimfunga chuma kwenye kaakaa, chenye skrubu katikati. Kazi yangu ilikuwa kuizungusha mara moja kila jioni kwa ufunguo mwembamba kama sindano, taya lipanuke kidogo kidogo. Nilimuuliza uso utakuwaje.

"Usitarajie mtoto mwingine, mama," alisema. "Kidevu kitarudi katikati. Meno mawili ya mbele yataachana kwa muda, kisha yatakutana yenyewe. Usishtuke."

Wiki moja baadaye muuguzi wake alitaka kujua kama chuma kinamzuia mtoto kusema. "Sema papai."

"Babai."

Muuguzi akakunja uso, akachungulia tena mdomoni.

"Hata mimi nasema babai, Kisomali hakina p," nikamwambia. "Hiyo si chuma, hiyo ni Garissa."

Mama yangu, anayeishi Balambala na mbuzi wake, alikuja siku ya kumi na mbili ya kuzungusha, akiwa amejiandaa kugomba. Chuma mdomoni mwa mtoto? Alimwinua kidevu, akaangalia, akasahau ugomvi. Meno ya mbele yalikuwa yameacha mwanya wa kupitisha punje ya mchele. Mama anao mwanya kama huo. Kwetu tunauita fanax, na msichana aliyejaliwa nao hahitaji vito. Mimi sina. Nimekua nikimsikia akiniambia, "Wewe ulichukua meno ya baba yako," kwa sauti ya mtu aliyepunjwa sokoni.

"Huyu ni wangu," akasema, akamkumbatia mjukuu wake.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba mwanya ule haukai. Sikusema. Mama alikuwa anacheka jikoni kwangu, binti yangu anacheka shungi likiwa limeteremka, na angalau mara moja nilikuwa nimemfurahisha mama yangu. Aibu ya kunyamaza kule ninayo mpaka leo.

Daktari alipotuambia tuache kuzungusha, mwanya ukaanza kujifunga. Jioni moja mtoto alinijia na ufunguo mkononi.

"Hooyo, zungusha tena kidogo. Unaisha."

Nikamweleza ukweli wote, pamoja na kwamba niliujua tangu mwanzo. Hakulia. Alivuta ncha ya shungi akafunika mdomo, na nyuma ya kitambaa kile kidevu kilikuwa kimenyooka kabisa. Afadhali angelia.

Mama alirudi mwezi uliofuata. Nilimwambia pale pale mlangoni, hajavua viatu, maana nilikuwa nimechoka kuficha. Alivua viatu, akaenda kuketi mkekani karibu na mjukuu wake.

"Nionyeshe."

"Umeenda, Ayeeyo. Sasa nina meno kama ya Hooyo."

Mama aliliteremsha shungi taratibu, akakitazama kidevu, akakigusa katikati kwa kidole gumba.

"Mama yako hana mwanya tangu azaliwe," akasema. "Na mdomo wake sijawahi kuona ameufunika, hata nilipomsihi. Akiwa mdogo kama wewe, nilikuwa mtoni na madumu yangu nasikia kicheko chake kutoka nyumbani. Basi najua mtoto wangu yuko salama, naendelea kuteka maji."

Hilo sikuwahi kuambiwa.

Binti yangu alinigeukia akacheka, labda kwa jinsi nilivyokuwa nimekodoa macho. Mkono wake uliinuka kwa mazoea, ukafika kifuani, ukarudi magotini. Na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini, nililia mbele yao mdomo wazi, wala sikuufunika.