Maziwa Niliyoyanyamazia

Alhamisi, tarehe 14 Agosti. Kumekucha na ukungu mzito na manyunyu, na upepo wa baridi unapita chini ya mlango wa banda. Huku Kilolo mwezi huu ndivyo ulivyo.

Naandika leoleo kabla sijaanza kujipendelea. Niliishia darasa la saba, mpangilio utanishinda, ila jambo lenyewe ni hili: yule farasi jike mwekundu ametupa mimba ya miezi minane, na mwenzangu nusura afukuzwe kwa kosa ambalo naona ni langu.

Tuko wawili tunaotunza farasi wa shamba hili. Yeye ni Mhehe, amewazoea farasi miaka mingi. Mimi ni Msangu wa Madibira, nimekulia kwenye ng'ombe. Kila siku tunataniana. Leo hakunitania. Nilimkuta amesimama bandani, kofia mkononi. Mtoto alikuwa kwenye majani makavu, kwato zimekamilika, masikio yamekamilika, hapumui. Jike alikuwa anamnusa.

"Usimguse," mwenzangu aliniambia. "Nimeshampigia mama."

Mama tunamwita mwenye shamba. Alikuja na koti juu ya nguo za kulalia. Alitazama chini, kisha akamgeukia mwenzangu.

"Jumapili nani alimpanda mpaka mtoni?"

"Mimi, mama."

"Si nilikataza?"

"Nilimtembeza tu, mama, polepole. Pale mteremkoni nilishuka kabisa."

"Ulimtembeza. Haya, ona ulikomfikisha. Daktari akimaliza, uje ofisini na funguo zako."

Mwenzangu ana watoto wanne, na nyumba anayokaa ni ya shamba. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo tu, sikusema neno.

Nilichokuwa nakijua ni hiki. Wiki iliyopita mwenzangu alikwenda msibani siku tatu, nikamsafisha yule jike mimi. Niliona kiwele kimejaa, na maziwa yamekaukia mapajani. Nikafurahi. Kwetu marehemu mama yangu alikataza kutaja maziwa kabla ndama hajazaliwa. Alisema ukiyataja unayakausha. Tukiyaona tulinyamaza. Basi nami nikanyamaza. Tena nilichukua kitambaa cha maji ya moto nikamfuta vizuri, mtu mwingine asije akaona akayataja. Kuhesabu miezi sikuhesabu.

Daktari wa mifugo alifika saa nne. Alivaa glavu ndefu mpaka kwapani, akatuonya tusishike kitu kwa mikono mitupu, akatandaza kondo la nyuma juu ya turubai. Sehemu kubwa ilikuwa nyekundu na laini. Upande mmoja ulikuwa mnene, wa kahawia, una utelezi mzito.

"Njooni muone," alisema. "Huu ndio upande uliokaa kwenye mlango wa kizazi. Bakteria wamepandia hapa, wakaharibu kondo, mtoto akakosa chakula na hewa. Ni bakteria gani, maabara watatuambia. Ila hili limeanza wiki kadhaa."

"Kwa hiyo si Jumapili?" mama aliuliza.

"Si Jumapili. Lakini lazima alionyesha dalili. Kiwele kujaa kabla ya wakati, maziwa kudondoka. Nani aliona?"

Mama akamtazama tena mwenzangu, maana jike yule yuko chini yake.

"Sikuona kitu, mama."

"Hukuona, au hukuangalia?"

Mwenzangu akaigeuza kofia mkononi. Angeweza kusema alikuwa msibani. Nadhani hakutaka kunisukumia mimi, au labda hakukumbuka, sitaki kumpamba. Niliweka ndoo chini.

"Mimi niliona," nikasema. "Nilimfuta."

Nikaeleza yote, hata la marehemu mama yangu, na lilipotoka nje lilisikika la kitoto. Daktari hakunicheka.

"Kwa ng'ombe aliyekaribia kuzaa, kiwele kujaa ni heri," alisema. "Huyu, aliyebakiza miezi mitatu, alikuwa anaomba msaada. Ungesema, tungeanza dawa. Wengine huokoka, wengine hapana. Siwezi kukuapia."

Maneno hayo nayaandika yote mawili. Nikishika la pili peke yake nitalala vizuri, na sitakuwa nimesema kweli.

"Nyinyi Wasangu," mwenzangu akasema, "chochote chenye miguu minne kwenu ni ng'ombe." Hata mwenyewe hakucheka.

Mama alimwambia abaki na funguo, ila la kumpanda jike bila ruhusa hajalisahau. Hapo hakumwonea, alikuwa amekatazwa kweli. Kwa funguo zangu akanyoosha mkono, nikampa. Kuanzia kesho niko kwenye shamba la viazi. Nami sikuonewa.

Tulichimba shimo refu tukamzika mtoto, glavu mikononi, tukamwaga chokaa. Tulipomaliza nilimwambia mwenzangu pole. Akajibu, "Ungesema asubuhi, mtani, kabla sijaitwa ofisini. Saa tatu nzima nimekaa nawaza nitawapeleka wapi watoto." Akaondoka.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Akauliza kama kwenye viazi watanipa buti. Jioni tumekula ugali kwa maharage na mboga ya chainizi. Mimi kilinishinda, watoto wamemalizia chakula changu.