Paskali Alikuwa Anasalimia

Mume wangu alichuchumaa, akaunganisha viganja, akapiga kofi. La kwanza nililisikia. La pili sikulisikia, maana bunduki ililia hapo hapo, na Paskali akakaa chini kama mtu aliyechoka na safari. Halafu akalala ubavu.

Nilikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kumshika shati. Nilimshika.

Mzungu aliyempiga hakusogea. Aligeuka akamtazama mkubwa wake, yule mwenye mvi, kama mtu anayeuliza nimefanya sawa? Mkubwa wake akamtazama Bosko. Na Bosko akatazama ziwani.

Nimeanza na hapo kwa sababu kila nikisimulia watu wananikatisha kabla sijafika. Wanachoka na habari za mchele na boti. Sasa tumeshafika, mnaweza kunisikiliza taratibu.

Naitwa Restituta. Nimezaliwa Karema, shule niliishia darasa la nne. Mimi na marehemu ni Wafipa. Kwetu ukimkuta mtu aliyekuzidi umri, au mtu mwenye mamlaka, humsalimii umesimama wima. Unachuchumaa, unapiga makofi polepole, viganja umevikunja kidogo ili mlio uwe mzito, ndipo unaongea. Siku hizi wengi wameacha, hasa waliokaa mjini. Paskali hakuacha. Alimpigia makofi padri, alimpigia mwenyekiti wa kijiji, alimpigia hata bibi mmoja kipofu wa kwetu ambaye asingejua kama umesimama au umechuchumaa. Alikuwa anasema, si kwa ajili ya macho yake.

Kazi yetu ilikuwa mchele. Tunanunua Majimoto, tunausafirisha kwa lori hadi Karema, tunavuka ziwa kwa boti ya injini kwenda upande wa Kongo, tunarudi na mawese. Safari ile ya mwisho haikuwa na tofauti. Tulinunua kwa Masanja, Msukuma mwenye mashamba ya mpunga na ng'ombe wengi. Mama yake Masanja alikuwa amekaa kivulini anapeta. Paskali akamchuchumalia kama kawaida yake.

"Huyu Mfipa," Masanja akamwambia mama yake, "siku moja atawapigia makofi ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wako wana adabu kukuzidi," Paskali akajibu bado amechuchumaa. "Wanastahili."

Yule mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Gunia moja lilikuwa limechanika mdomoni, Paskali akaniomba sindano ile kubwa ya magunia, akalishona mwenyewe, akairudisha sindano kwenye mkoba wangu. Mambo madogo hayo. Lakini ndiyo siku yenyewe ninayoikumbuka, jua, pumba zinaruka, mume wangu anang'ata uzi.

Tulipovuka Kongo, redio ilikuwa inasema waasi wako mbali. Mbali ya redio. Tulikuwa hatujamaliza kuuza mzigo, mizinga ikaanza kusikika upande wa milimani. Asubuhi yake soko halikufunguliwa. Wanajeshi wa serikali yao walipita na malori wakielekea kusini, wengine wameshavua sare. Watu wakabeba walichoweza, wote wakaelekea gatini kwenye boti. Boti yetu ilikuwa hapo, nahodha anatusubiri.

Barabara ya gatini inapita kwenye ghala la mgodi wa bati. Wenye mgodi walikuwa wamekodi watu wa kulilinda, na waliokodiwa ni kampuni inaitwa Dorvan. Dorvan. Nalitaja wazi. Halikuwa jeshi. Jeshi lina nchi, lina bendera, ukionewa kuna mahali pa kwenda kulia. Hawa walikuwa wanaume wenye ndevu, miwani ya jua na raba za kukimbilia, kila mmoja ametoka kwao, bunduki nzuri kuliko za serikali. Siku hiyo waliweka magari yao mawili kukatisha barabara. Mzigo wa mgodi upakiwe kwanza, watu baadaye.

Tukasimama juani. Mizinga ilikuwa inasogea.

Hapo kwenye kizuizi Paskali akamwona Bosko. Bosko ni mtoto wa jirani yetu Karema, mwana wa Anastazia. Alifika kidato cha nne, akaendesha magari ya watalii mbugani Katavi, Kiingereza akakijulia huko. Tulisikia amepata kazi Kongo, hatukujua kazi gani. Sasa tukamwona amesimama pembeni ya wazungu, amevaa kizibao cha Dorvan, ndiye anayewatafsiria.

"Yule si Bosko wa kwa Anastazia?" Paskali akaniambia. Uso wake ulifunguka. "Mama Yusta, tumepona."

Tukajipenyeza hadi mbele. Bosko alitujua. Najua alitujua kwa sababu alisema, "Baba mdogo, ishieni hapo hapo."

Tukasimama. Paskali akaweka begi chini.

Yule mwenye mvi akaja kutoka kwenye gari. Walikuwa wanamwita Rudi. Nyuma yake kijana aliyeshika bunduki, walikuwa wanamwita Maks.

Paskali aliona mtu mzima. Aliona mvi.

Akachuchumaa.

Yaliyofuata nimeshayasema.

Nilimpigia kelele Bosko kwa Kifipa, kwa lugha aliyonyonya nayo. Waambie. Waambie alikuwa anasalimia. Bosko alinisikia. Rudi akamwuliza kitu kwa Kiingereza, kifupi. Bosko akajibu neno moja.

Sikijui Kiingereza, lakini neno la kukubali nalijua. Alisema ndiyo.

Baadaye, kwenye boti, mwalimu mmoja Mkongomani aliyekuwa nyuma yetu pale kizuizini alinieleza alichosikia. Rudi aliuliza: alikuwa anachukua kitu kwenye begi? Na Bosko akasema ndiyo. Kwenye begi kulikuwa na kitenge changu na kandambili.

Mzigo wa mgodi ulipokwisha wakaondoa magari. Wanaume nisiowajua wakanisaidia kumbeba. Tulivuka naye amelala juu ya magunia matupu. Shuka hatukuwa nayo, na begi lenye kitenge lilibaki kizuizini. Nikaitoa ile sindano mkobani, nikaunganisha magunia, nikamfunika. Uzi ulikuwa ule ule alioukata Majimoto kwa meno. Tukamzika Karema, na Anastazia, mama yake Bosko, alikuja msibani akalia kuliko mimi. Sikumwambia. Mpaka amefariki sikumwambia.

Nilienda polisi Mpanda. Walinipa kiti, wakanisikiliza, wakasema mama pole, lakini tukio ni la ng'ambo. Upande wa Kongo ulipokuja kutulia nikavuka tena, polisi wa huko wakasema wale ni wageni, hatuna wa kumkamata. Mtu wa mgodi akasema walinzi si wafanyakazi wetu, tulikodi tu. Dorvan wenyewe sikuwakuta, palikuwa na mlango na kufuli. Kila mtu alikuwa mpole. Hakuna aliyenifukuza. Walikuwa wananisogeza tu, huyu kwa yule, kama kreti tupu.

Sasa nauza mchele sokoni Mpanda. Mwaka huu nikasikia vijana wanazungumza, kuna wazungu wamefikia gesti moja upande wa stesheni, wanachukua waliopitia JKT kwenda kulinda migodi Kongo. Nikamwachia jirani meza yangu.

Foleni ilikuwa imetoka hadi nje. Kijana mmoja akaniambia, "Bi mkubwa, na wewe unaenda kushika bunduki?" Wenzake wakacheka. Nikapita.

Ndani, kwenye meza ya ua, Rudi alikuwa anakula wali. Kichwa kimekuwa cheupe chote. Pembeni yake Bosko, amenenepa.

"Shikamoo, mama mdogo," Bosko akasema.

Sikuitika.

"Mwambie huyu mzee mimi ni nani."

"Mama, yale mambo yalikuwa ya vita."

"Wewe ulikuwa jeshi la nani?"

Akamgeukia mkubwa wake. Rudi akamwuliza, Bosko akaongea naye kwa sauti ya chini, muda mrefu. Rudi akafuta mdomo, akasema maneno machache bila kunitazama.

"Anasema anasikitika. Anasema kampuni ile ilifungwa. Hii ni nyingine."

"Na yeye ni mwingine?"

Bosko hakutafsiri.

Basi nikachuchumaa. Pale pale kwenye sakafu, mbele ya ile foleni yote, nikakunja viganja, nikapiga makofi polepole kama nilivyofundishwa na mama yangu. Rudi alisukuma kiti nyuma, mkono ukaenda kiunoni. Hapakuwa na kitu kiunoni. Vijana waliacha kucheka. Walikuwamo Wafipa kwenye ile foleni, walijua ninachofanya, na mmoja wao alivua kofia.

"Muulize," nikamwambia Bosko. "Muulize ameona silaha gani."

Alitazama chini. Safari hii hapakuwa na ziwa la kutazama.

Wakahama gesti siku hiyo hiyo. Kuna vijana waliondoka nao, na kuna waliorudi nyumbani. Hilo halimrudishi mtu wangu. Watoto wangu wamekua bila baba, na mimi nimekuwa mwanamke ambaye watu wakimwona anakuja wanakumbuka wana haraka. Najua.

Lakini naandika hapa, kwa majina. Maks alipiga. Rudi alikuwa mkubwa wake. Dorvan iliwaleta, na wenye mgodi waliwakodi wakijua hakuna sheria inayowashika. Nataka kila mmoja asimame mahali penye hakimu aulizwe, na asiseme ni yule mwingine.

Na wewe Bosko, mwana wa Anastazia, nakutaka wa kwanza. Lile neno ulilisema mbele ya watu, nenda ukalifute mbele ya watu. Waambie kwa Kiingereza chako kwamba mzee wa kwenu alikuwa anasalimia, nawe ulijua. Alikufa anasubiri kuitikiwa. Mwitikie.