Kuni za Mahame

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam, na kila akija kutuona Kibiti huja na mpango. Mara ya mwisho alikuja na mkewe na orodha ndani ya simu: vivutio vya Rufiji visivyojulikana na watu. Visivyojulikana na watu gani, sikumuuliza. Nilinyamaza kwa sababu ya mama, na kunyamaza kule ndiko kunakonikera mpaka leo.

Mama alikuwa na haja moja tu. Mtoto wake wa kwanza, ambaye mimi na kaka hatukumwona, alizikwa kwenye kisiwa kimoja huko delta akiwa hajatimiza mwaka. Kijiji kilichokuwa hapo kilihamwa zamani, maji ya chumvi yalipoharibu mashamba ya mpunga. Sasa ni mahame, minazi na vichaka. Baba alipokuwa hai alikuwa akienda kila baada ya miaka kadhaa kubadilisha mashahidi, ile miti miwili ya mkoko inayosimamishwa kichwani na miguuni ili kaburi lijulikane. Baba hayupo tena. Macho ya mama yanafifia, na alitaka apaone mahali pale kabla hayajazimika kabisa, amsomee mwanawe Yasini.

"Tutapita huko huko, mama," kaka alisema. "Napo ni historia."

Napo ni historia! Ningekuwa mkubwa kwake ningemzaba kibao.

Tulipanda boti Nyamisati asubuhi. Njiani mama alitueleza yote, taratibu: miti miwili mifupi, urefu wa goti, chini ya mnazi uliokatika kichwa, tuangalie tusikanyage. Mimi nilisikiliza. Wifi yangu alisikiliza. Kaka alikuwa amesimama mbele anapiga picha ndege, masikio ameyaziba na vile vidude vya muziki.

Kwanza ikawa zamu ya meli. Wajerumani waliacha meli yao ya vita humu mtoni enzi za vita ya kwanza ya dunia, na nahodha wetu alituonyesha mahali ambapo watu husema ilizama. Hapana kitu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, basi. Kaka akavua kofia, akatuomba tunyamaze dakika moja kwa ajili ya mabaharia waliokufa. Tukanyamaza, na mama naye na uzee wake akanyamaza. Kisha kaka akataka viboko. Kisha akataka picha nyingine ya viboko, maana ya kwanza ilitoka na ukungu. Nahodha alikuwa akitazama maji tu, kwa sababu yakipwa sana boti hukwama kwenye tope.

Tulifika mahame adhuhuri imeshaingia. Mama akasema ataswali kwanza. Wifi akamshika mkono, wakaenda kivulini. Kaka alikuwa amenunua samaki Nyamisati na njaa imemshika, akaniambia niandae mafiga, yeye akaingia vichakani kutafuta kuni. Alirudi na makuti makavu na vipande viwili vya mti mgumu, vyeusi. Nikavisukuma vyote motoni. Mkoko unawaka vizuri, kila mtu wa delta analijua hilo. Samaki walipoiva nikaonja kipande, na kwa mdomo wangu mwenyewe nikasema, "Kuni nzuri hizi, umezipata wapi?"

"Zilikuwa zimechomekwa tu pale kwenye mnazi uliokatika. Nimezitikisa kidogo zikang'oka."

Nilitema samaki. Nilivuta kipande kimoja motoni kwa mikono mitupu. Cha pili kilikuwa kimeshakuwa kaa.

"Sikujua," kaka akasema.

Sikujua ni neno la mtu ambaye hakuambiwa. Yeye aliambiwa, tena na mama yake mzazi, hatua tatu kutoka masikio yake. Hasira ilinipanda hadi nikasahau adabu, nikapiga kelele mbele ya nahodha: "Wajerumani umewavulia kofia, kaburi la kaka yako umelifanya kuni!"

Mama alisikia. Alikuja akishikwa mkono hadi penye mnazi, akapiga magoti, akapapasa ardhi mpaka vidole vikaingia kwenye tundu la kwanza, kisha la pili. Hakulia. Alichukua kile kipande kilichoungua nusu akakichomeka upande wa kichwa. Akamwomba nahodha amkatie kingine.

Nahodha akatikisa kichwa. "Bibi, mikoko hii ni ya hifadhi. Haikatwi bila kibali. Wakinikuta nayo, mie sina pa kujitetea."

Mama akamgeukia mwanawe. "Basi kaa wewe hapo. Miguuni kwa kaka yako, mpaka nimalize."

Kaka akakaa, na suruali yake safi na viatu vyeupe, tope linampanda. Mkewe alitazama pembeni. Mimi sikumhurumia hata kidogo, nilitamani maji yarudi yamfike kiunoni. Nilijichukia na mimi pia, maana ladha ya samaki ilikuwa bado mdomoni. Mama alisoma Yasini yote kwa moyo, bila haraka, huku nahodha akipaza sauti kwamba maji yanatuacha.

Boti iliposukumwa, mama akanishika kiwiko. Akasema yeye hatarudi tena, na kaka ndiye huyo, tumemwona, kwa hiyo nipatazame vizuri, atakayekuja ni mimi.

Nikageuka. Minazi iliyokatika vichwa ilikuwa mingi, yote inafanana, na kile kipande kilichobaki kilikuwa cheusi kwenye ardhi nyeusi.

"Umepaona?" mama akauliza.

"Nimepaona, mama," nikasema.