Kiatu Kilichopotea Chini ya Thorong La

Kuna asubuhi nilitaka kumpiga mjomba wangu. Mzee wa miaka sabini, jamani!

Tulikuwa kambi ya juu, bado kuvuka Thorong La tu, pito la juu mlimani. Ng'ambo, kijijini Jharkot, kesho yake ilikuwa arobaini na tisa ya mama yangu, siku ya arobaini na tisa tangu afariki, ya mwisho ya kuisindikiza roho yake. Barabara ya kawaida ilikatwa na maporomoko. Nikapanda gari Kathmandu hadi Manang, nikamchukua mjomba Angyal, kaka yake mama, tukapanda kwa miguu.

Tusipovuka leo, basi tena.

Alfajiri mjomba akasema magoti yanamuuma, tushuke. Nikamwambia ashuke peke yake.

Kugeuka, kiatu changu cha kushoto hakipo!

Nikapekua chini ya kitanda. Jikoni. Hadi kwenye matandiko ya farasi. Wageni wanapita na fimbo zao, wananicheka.

"Mjomba, upepo ukianza hatuvuki!"

"Kunywa supu ya kitunguu saumu, Kunzom."

"Sitaki supu, nataka kiatu!"

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma kwa ajili yako! Ugonjwa wa mlima ni wa wageni, mimi nimezaliwa huku."

"Na miaka sita unauza mazulia mjini."

Nilichemka. Saa nne upepo ukaanza. Nikakaa chini nikalia kwa hasira.

Ndipo mzee akafungua koti, akatoa kiatu changu.

Nusura nimrukie.

"Jana tukikaribia kambi tulipita ukuta wa mani, ule wa mawe ya sala," akasema. "Uliupita vipi?"

"Ukiwa kulia kwangu. Kwetu hata mlevi hakosei hapo."

"Ulikuwa kushoto kwako. Nikakuita, ukaniitikia, 'Naam, mama.'"

Sikukumbuka chochote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Nikajaribu kufunga kamba za kiatu. Vidole vikakataa. Akanifunga yeye, tukashuka hadi Manang, daktari akakuta ubongo umeanza kuvimba.

"Ungepanda, usingeshuka," daktari akaniambia.

Arobaini na tisa ya mama tuliikosa. Siku hiyo mjomba alikaa kando ya kitanda changu, akimwombea dada yake wa pekee kwa shanga zake za sala.

"Nisamehe mjomba, nimekukosesha kumsindikiza dada yako."

"Ningefika peke yangu, dada angeniuliza mwanangu umemwacha wapi. Ningemjibu nini?"

Wenzangu, mlima haukuulizi ulizaliwa wapi. Na mzee akikuchelewesha, kabla hujafoka, muulize ameona nini.